Folda Niliyoificha

Mzee alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na alikataa kukiri. Alikuwa mfamasia wa depo yetu ya dawa hapa Kasongo, mkubwa wangu wa kazi, mtu wa umri wa baba yangu. Akitaka kusoma nambari kwenye chupa aliipeleka dirishani, akaigeuza-geuza kwenye mwanga, halafu akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba ananipima mimi: "Binti yangu, soma hapa, nisikie."

Tulikuwa sisi wawili tu ofisini. Depo ilikuwa ya chama kidogo cha watu wa mji. Tuliagiza dawa kwa wauzaji walio mbali, zikifika tukazigawa kwa pikipiki kwenye vituo vya afya vya upande wa Kabambare: Kabambare penyewe, Wamaza, Lusangi, na vingine vilivyo ndani zaidi. Mimi nilisomea kompyuta Bukavu, nikarudi nyumbani kwa baba yangu mwenye duka, nikapata kazi hiyo ya kuandika na kutunza barua.

Barua zenyewe zilikuja kwa antena ya setilaiti iliyokuwa juu ya paa. Haikuwaka siku nzima. Betri za sola zikiwa zimeshiba tuliiwasha asubuhi kwa saa mbili, programu ya barua pepe kwenye kompyuta ikavuta kila kilichotumwa, kisha tukaizima, tukasoma polepole bila mtandao. Ndiyo maana tulihitaji programu ile ya mezani, yenye kuhifadhi kila kitu ndani ya mashine. Ilikuwa programu nzuri, lakini imejaa. Kushoto orodha ya mafolda, juu safu ya vitufe vidogo kama punje za mchele, katikati majina, tarehe, alama, mishale, na chini kidirisha kinachoonyesha barua kabla hujaifungua.

"Hii kioo iko kama soko," mzee aliniambia siku moja mbele ya kompyuta, amevua miwani, anajifuta macho. "Kila mutu anapiga kelele mara moja. Miye nataka kuona barua ya munganga wa Wamaza, naona matangazo ya sabuni ya hospitali. Huwezi kuipanga?"

Nilimwambia naweza. Nilisema hivyo kwa furaha, kwa sababu katika kazi ile yote hakuna aliyewahi kuniomba kitu nilichokijua kuliko wengine.

Nilitumia siku mbili. Nilikuza herufi mpaka zikawa na ukubwa wa zile za kwenye mabango. Nilibadilisha rangi ya nyuma, kutoka nyeupe inayochoma macho kuwa ya maziwa. Vitufe vya juu nilivipunguza vikabaki vinne, na majina yake nikayaandika kwa Kiswahili: Leta, Soma, Jibu, Tuma. Kidirisha cha chini nikakifunga. Safu ya tarehe nikaiacha, safu ya alama nikaiondoa, ile yenye mshale mwekundu wa kuonyesha barua ya haraka, kwa sababu mzee aliuona kama uchafu kwenye kioo na alikuwa akijaribu kuufuta kwa kidole.

Zikabaki barua za wauzaji. Walituandikia kila siku: orodha za dawa mpya, picha za vitanda, salamu za sikukuu.

"Na hizi nizifanyeje?" nilimwuliza.

"Weka fasi ya mbali. Zinanichokesha."

Nikaunda folda, nikaiita Matangazo, nikaweka kanuni: kila barua inayotoka kwa wauzaji iingie huko moja kwa moja, isipite mbele ya macho ya mzee. Halafu, ili kioo kiwe safi kabisa, nikaificha orodha nzima ya mafolda upande wa kushoto. Nilijiambia kwamba kila Ijumaa nitaifungua mwenyewe nitazame kilichoingia.

Mzee aliketi, akasoma barua nzima kutoka Kabambare bila kuniita. Akainua kichwa. "Sasa naona," akasema, na akacheka kama mtu aliyepona.

Ijumaa ya kwanza niliifungua folda ile. Sabuni, vitanda, salamu. Nikaifunga. Ijumaa ya pili shangazi yangu alikuwa amefariki, nikaenda matangani, sikufika kazini. Jumamosi niliporudi sikukumbuka. Hakuna kitu kwenye kioo kilichonikumbusha. Nilikuwa nimekitengeneza kisinikumbushe.

Kati ya Ijumaa hizo mbili, siku ya Jumatatu, tulikuwa tumepeleka katoni za seromu, yale maji ya kumtundikia mgonjwa mshipani. Pikipiki tatu ziliondoka pamoja asubuhi: moja ya Wamaza, moja ya Kabambare, moja ya Lusangi. Mvua zilikuwa zimekwisha kuharibu njia, nakumbuka madereva wakifunga katoni kwa mipira ya matairi na kulaumiana. Mzee alisimama mlangoni mpaka sauti za injini zikaisha.

Jumamosi ile niliyorudi kutoka matangani, foni ililia. Foni ndivyo tunavyoita redio ya mawasiliano, ile ya kubonyeza na kusema kwa zamu. Alikuwa munganga wa Wamaza, yaani muuguzi wa kituo, mwanamume mwenye kuongea kidogo.

"Mzee, kuna chupa moja hapa iko na kitu ndani. Kama uzi mweupe. Ukitikisa unatembea."

"Chupa moja tu?"

"Nimeona moja. Zingine sijaangalia muzuri."

"Iweke kando. Labda jua la njiani." Mzee aliachia kitufe, akakaa akiitazama redio.

Jumanne ikaja sauti nyingine, ya Kabambare. Mgonjwa ametundikiwa maji, baada ya nusu saa akaanza kutetemeka, meno yanagongana, wamemfunika mablanketi matatu. Wametoa maji, ametulia. Mzee aliandika kwenye daftari lake kwa herufi kubwa zilizopinda. Aliandika polepole mno. Nje watu walikuwa wakipita kwenda sokoni, na ofisini mwetu nilisikia kalamu ikikwaruza.

Kisha akaniuliza, bila kugeuka: "Wauzaji hawajatuandikia kitu?"

Nilitazama kioo. Barua mbili za vituo, moja ya chama. Rangi ya maziwa, herufi kubwa, pametulia.

"Hawajaandika," nikamjibu.

Ninarudia jibu hilo mara nyingi kuliko jambo lolote nililowahi kusema. Sikudanganya. Niliangalia, na hakukuwa na kitu, nikasema hakuna kitu. Kuna folda nilikuwa nimeiunda kwa mikono yangu mwenyewe na kuipa jina, na wakati ule haikuwamo kichwani mwangu kabisa, kama chumba cha nyumba ambacho mlango wake umejengewa ukuta.

Alhamisi asubuhi mzee aliniambia tuwaandikie wauzaji tuwaulize juu ya maji yale. Nilibonyeza Jibu nikitafuta barua yao yoyote ya kujibia, nikashuka chini, nikashuka tena. Hakuna barua yao hata moja. Wiki mbili na nusu, hata salamu. Hapo ndipo nilipoikumbuka folda ile. Nikafungua menyu ya mwonekano, nikarudisha orodha ya kushoto, na folda ya Matangazo ikatokea imeandikwa kwa herufi nene, na mabano pembeni yakisema barua arobaini na moja hazijasomwa.

Katikati ya vitanda na sabuni kulikuwa na barua tatu zenye kichwa kile kile, kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa. Nilirudisha safu ya alama, nikaona mishale mitatu myekundu. Ya kwanza ilikuwa imeingia Jumanne ya wiki iliyopita, siku moja baada ya pikipiki kuondoka. Ya pili Alhamisi. Ya tatu Jumatatu. Zilisema: acheni mara moja kutumia seromu ya loti hii, yaani fungu lenye nambari hii, kusanyeni chupa zote, tafadhali tujibuni. Ya tatu ilisema: hatujapata jibu lenu.

Nilimwita mzee. Nilimsomea zote tatu nikiwa nimesimama. Halafu nikamwambia zilikuwa wapi, na nani aliziweka huko.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema tu, "Soma tena nambari." Nikasoma. Akaenda kwenye rafu ambako ilibaki katoni moja, akaweka uso wake karibu na karatasi ya pembeni mpaka pua ikaigusa, akashindwa, akaniita kwa mkono. Nambari ilikuwa ile ile.

Tukarudi kwenye foni. Wamaza akajibu: ametumia chupa mbili, wagonjwa wazima, zilizobaki anazifungia. Kabambare akajibu: wameshaacha wenyewe. Lusangi hakujibu. Mzee aliita mara nyingi, akibadilisha sauti kana kwamba ndiyo kosa. Lusangi, Lusangi, unanisikia? Ulikuwa mlio tu, kama mafuta kikaangoni. Tulikumbuka kwamba betri yao ilikuwa imekufa toka mwezi uliopita, na mtandao wa simu hakuna.

"Nitaenda," nikasema.

"Njia hii? Na wewe mwanamuke peke yako?"

"Nitaenda na mwenye pikipiki tunayemjua. Mzee, niache niende."

Alinitazama, au alitazama pale nilipokuwa. "Chapisha barua," akasema. "Watu waione. Usiende na maneno ya mudomo tu."

Niliondoka kabla ya adhuhuri na mwenye pikipiki wa depo, mtu mzima, baba wa watoto sita, asiyependa mazungumzo. Barua tatu nilizikunja ndani ya mfuko wa plastiki nikaziweka kifuani chini ya kitenge. Njia ilikuwa matope mekundu mpaka magotini. Penye madaraja ya magogo tulishuka, yeye akasukuma pikipiki juu ya gogo moja, mimi nikapita juu ya jingine nikitazama maji yanayokwenda kasi chini. Tulilala kijijini kwa watu anaowafahamu, na alfajiri tukaendelea.

Ijumaa asubuhi tulianza kukutana na watu wanaotoka tunakokwenda. Walibeba magodoro, sufuria, kuku wamefungwa miguu. Tuliwasalimu, hawakuitika.

"Hawa hawaendi soko," alisema mwenye pikipiki. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

Mwanamke mmoja tulipomsimamisha alisema watu wenye silaha wameonekana karibu na machimbo ya dhahabu, hajui ni kina nani, hakungoja kuwauliza. Mwenye pikipiki alizima injini. Nyuma yetu njia ilikuwa wazi, na hakuna mtu ambaye angenilaumu kama ningerudi. Nilimwonyesha mfuko wa plastiki kifuani pangu, nikamwambia kilichoandikwa. Akatema mate pembeni, akawasha tena.

Kwenye kizuizi askari aliniuliza ninabeba nini. Nikamjibu, barua. Akazifungua, akaisoma moja mpaka mwisho, midomo ikimtembea, akanirudishia bila kuomba kitu. "Pita haraka," akasema.

Lusangi ilikuwa nusu tupu. Kituo cha afya kilikuwa na vyumba viwili chini ya mabati, na munganga wake, msichana mdogo kuliko mimi mwenye blauzi ya bluu, hakuwa amekimbia. Aliniambia baadaye asingeweza, alikuwa na mgonjwa. Nilipoingia nilimwona mgonjwa kabla sijamwona yeye: mchimbaji mmoja amelala kwenye kitanda cha miti, mkono umefungwa kwenye ubao, na juu yake, kwenye msumari wa ukuta, chupa yetu imetundikwa. Ilikuwa imefika nusu. Matone yalikuwa yanashuka vizuri, moja baada ya jingine.

"Funga!" nikasema. "Funga hiyo maji!"

"Weye ni nani?"

Nilishika mpira unaoshusha maji kutoka kwenye chupa nikaukunja kwa vidole, nikasoma karatasi ya chupa. Miguu ya yule mwanamume ilikuwa imeanza kutikisika chini ya shuka. Munganga aliona, akachomoa sindano mwenyewe, na hapo ndipo nilipompa barua. Alisoma akiwa bado ameshika pamba kwenye mkono wa mgonjwa. Mgonjwa akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Tulimfunika kwa kila tulichonacho, na koti langu, na mwenye pikipiki akaingia akamshika mabega. Ilipofika alasiri akatulia, akaomba uji. Aliishi. Nilimwona mwaka uliofuata sokoni Kasongo, hakunijua.

Munganga alikwenda kwenye katoni akahesabu. Chupa tano zilikuwa zimetumika.

"Mulituletea nini?" akaniuliza. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza kweli. Kisha akakaa juu ya katoni. "Kulikuwa na mama mumoja, Jumamosi. Alikuwa na malaria, anatapika, nikamutundikia mbili. Akatetemeka sana. Miye nikasema ni malaria yenyewe. Nikamuongezea. Alikufa Jumapili."

Nilimwuliza nyumba yao iko wapi.

"Usiende," akasema. "Malaria inaua watu hapa kila siku. Hata sisi hatujui ni nini ilimuua. Utawaambia nini?"

Mwenye pikipiki alikuwa akitazama jua. Lakini nilikwenda. Ilikuwa nyumba ya mwisho, karibu na shamba la mihogo. Mama wa marehemu alikuwa peke yake uani anamenya mihogo. Majirani wamekimbia, yeye amebaki na wajukuu wawili waliolala ndani. Nilijitambulisha, nikampa pole, nikamweleza kwa maneno machache nilivyoweza: kwamba maji aliyotundikiwa binti yake huenda yalikuwa mabaya, kwamba barua ya kuyakataza ilikuja, kwamba ilifika kwangu na sikuiona, kwa sababu niliificha.

Aliendelea kumenya. Kisu hakikusimama. Nilipomaliza akasema, "Nimesikia." Nikangoja. Akachukua muhogo mwingine, na mwenye pikipiki akaniita.

Kuhusu yaliyofuata sina mengi. Watu wenye silaha walipita upande mwingine. Chupa zilizobaki tulizipeleka kwa wauzaji ili zipimwe, majibu hayakuja mpaka leo, na barua zao zikawa za adabu na fupi. Mbele ya kamati ya chama mzee alisimama akasema ni yeye aliyeomba kioo kipangwe vile. Nami nikasimama nikasema ni mimi niliyekipanga. Walitusikiliza wote wawili, wakaniandikia karatasi ya onyo, wakatuacha kazini. Sikujua kama ni huruma au hawakuwa na mtu mwingine.

Mimi na mzee tuliipanga programu upya, safari hii tukiwa tumeketi pamoja. Herufi zilibaki kubwa, rangi ya maziwa ikabaki. Orodha ya mafolda ikarudi kushoto. Kanuni ya kuhamisha barua niliifuta. Barua za wauzaji sasa zinaingia pamoja na nyingine, zina rangi ya kijivu tu, na yenye mshale wa haraka inageuka nyekundu, itoke kwa yeyote. Vitufe ni vitano, kwa sababu niliongeza kimoja kinachoonyesha kila kitu. Na kila asubuhi kabla ya kuzima antena ninamsomea mzee majina ya mafolda yote kwa sauti, hata yaliyo tupu. Anaitikia moja moja.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi, yule mama wa Lusangi aliingia depo. Alikuwa amekuja kwa miguu na kwa pikipiki, siku tatu, miguu yake ina udongo mpaka magotini. Mzee alimpa kiti. Alikataa chai.

"Nimekuja kuona hiyo barua," akasema.

Niliifungua. Hakujua Kifaransa, nikamsomea kwa Kiswahili neno kwa neno. Alisikiliza akiangalia kioo, si mimi.

"Onyesha vile ilikuwa imejificha."

Nilimgeukia mzee. Mzee akasema, "Mwonyeshe." Nikaificha orodha ya kushoto, nikaondoa safu ya alama, nikazirudisha barua za wauzaji kwenye folda yao, nikarudisha vitufe vinne. Kioo kikawa vile kilivyokuwa wiki ile, kimetulia, barua tatu tu za herufi kubwa.

Aliinama akakitazama kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Iko muzuri," akasema. "Inapendeza." Halafu akauliza: "Iliingia siku gani?"

"Jumanne."

"Jumanne mutoto yangu alikuwa muzima. Alinichotea maji mara mbili."

Mzee aliinamisha kichwa. Pole nilikuwa nimeisema Lusangi na haikusaidia kitu. Yule mama akavuta kiti karibu zaidi na meza, akaelekeza kidole kwenye kioo bila kukigusa.

"Na sasa," akasema, "kuna ingine imejificha?"

"Hapana, mama," nikajibu haraka. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nikarudisha orodha, nikaanza kufungua folda moja baada ya nyingine mbele yake, kutoka juu mpaka chini, na yeye akakaa akingoja mpaka nikamaliza zote.